Ada ya panya imeshalipwa. Nauli ya mama je?

Hii ni sehemu ya tisa ya mfululizo wetu wa kifua kikuu kwa watoto. Niliahidi leo tungeongelea chakula cha mtoto aliye kwenye dozi. Mnisamehe, chakula kitakuja wiki ijayo. Leo kuna jambo limenikaa rohoni, naomba nilitoe.

Juzi kwenye benchi la kliniki, watu wakisubiri mzani, mama mmoja akauliza kwa sauti: "Nesi, hivi ni kweli hela ya kumfundisha panya mmoja pale SUA inanunua bodaboda mpya?" Benchi zima likacheka. Mwingine akadakia: "Panya anasomeshwa, wangu hata daftari bado!"

Nikamjibu, si kweli. Inanunua zaidi ya bodaboda moja. Wakacheka tena, wakadhani natania.

Sikuwa natania. Shirika la APOPO, ambalo liko hapa kwetu Morogoro pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine tangu mwaka 2000, limekuwa likitaja takriban euro 6,000 kuwa gharama ya kumfundisha panya buku mmoja mpaka ahitimu. Kwa hela yetu hiyo ni zaidi ya milioni 15. Na mafunzo yanachukua kama miezi tisa. Ndiyo mama, muda uleule uliobeba mimba yako.

Najua unachowaza. Panya buku tunamjua. Ni huyuhuyu anayechimba shambani na kujaza mbegu mashavuni. Milioni 15 za nini?

Ngoja nikueleze hela inakokwenda. Mtoto wa panya akishafumbua macho na kukua kidogo, mtu anaanza kumshika kila siku, anambeba, anamzoesha sauti na harufu za watu ili asiogope. Kisha anafundishwa kwamba akisikia mlio fulani mdogo, "tik", chakula kinakuja. Baadaye anafundishwa harufu. Akisimama kwenye makohozi yenye TB, tik, anapata ndizi na karanga zilizopondwa. Akisimama kwenye yasiyo na TB, hapati kitu. Hivyo hivyo, siku baada ya siku, kisha mtihani. Akifeli anarudia. Na hata akishaanza kazi, kila siku wanamchanganyia sampuli ambazo majibu yake yanajulikana, kumpima kama bado yuko makini. Kuna mishahara ya walimu hapo, ambao wengi ni Watanzania wenzetu, kuna banda, daktari wa mifugo na chakula. Panya anaweza kuishi mpaka miaka minane, kwa hiyo huko ni kulea.

Sasa nani analipa? Sehemu inatoka kwa serikali na mashirika ya nje. Lakini sehemu nyingine inatoka kwa watu wa kawaida tu, walioko Ulaya na Marekani, ambao wamejiandikisha "kumlea" panya mmoja na wanalipa dola zisizofika kumi kila mwezi. Wanatumiwa picha yake na habari za maendeleo yake. Ni kama ada ya uanachama. Mtu hajawahi kukanyaga Msamvu, hajui Uluguru iko upande gani, lakini kila mwezi anakatwa ada kwa ajili ya pua inayonusa makohozi ya mtoto wako.

Wenzetu huko wamezoea ada za aina hii. Wana vilabu vya mbwa wa kazi. Ukitaka mbwa wako ajifunze kufuata harufu, kutii na kulinda, unajiunga na klabu, unalipa ada ya mwaka, unachangia uwanja na mwalimu, na nauli ya kwenda mazoezini kila wiki ni juu yako. Ujerumani mchezo huo una zaidi ya miaka mia moja. Na watu wa mbwa wana jambo wanalolijua vizuri: mnyama akishaiva, anayeharibu kazi mara nyingi ni mtu aliyeshika kamba.

Naomba ulishike hilo la kamba, maana nitalirudia.

Kwanza, panya anakusaidia nini wewe? Kituo kinachoshirikiana na mradi huu kinapima makohozi kwa njia yake ya kawaida. Kisha sampuli zinapelekwa kwa panya, baada ya kuchemshwa ili wadudu wafe. Panya anapita sampuli 100 kwa dakika kama 20, kazi ambayo kwa hadubini mtu angeifanya kwa siku kadhaa. Zile alizosimama juu yake zinapimwa upya maabara. Panya hamwambii mtu "una TB". Yeye anasema tu, "hii iangalieni tena."

Na kwa watoto hiyo "iangalieni tena" ni kubwa sana. Mtoto mdogo makohozi anayameza, na hata akitoa, wadudu ni wachache, hadubini inawapita. Watafiti wa SUA na APOPO walichapisha mwaka 2018 matokeo ya watoto 982 wa miaka mitano kwenda chini. Vituo vilikuwa vimewaona wenye TB 34. Baada ya sampuli kupitiwa na panya na kuthibitishwa maabara, wakawa 57. Hao watoto 23 wa nyongeza walikuwa wameshaambiwa hawana kitu.

Kwa hiyo mimi sina ugomvi na milioni 15 za panya. Zinalipa. Ugomvi wangu uko kwenye kamba.

Miaka kadhaa nyuma, kwenye kituo nilichokuwa nafanya kazi wakati huo, alikuja mama kutoka juu milimani na mtoto wa miaka sita. Kikohozi wiki ya tano. Aliniambia kitu ambacho mpaka leo nawauliza mama wote: "Nesi, nguo za mwaka jana bado zinamtosha." Tukachukua makohozi. Hadubini haikuona kitu. Akarudi kwao.

Baada ya siku chache majibu yakaja kwamba ile sampuli ilionyeshwa na panya, imepimwa tena, ina TB. Mwenzangu akapiga namba iliyoandikwa kwenye daftari. Haipatikani. Akapiga kesho yake, haipatikani. Vocha ilikuwa yake mwenyewe. Anuani iliyoandikwa ilikuwa jina la kijiji tu. Wagonjwa wakaongezeka, ukurasa ukafunikwa.

Wiki saba baadaye yule mama akarudi mwenyewe, mtoto mgongoni. Mtoto wa miaka sita mgongoni, mama zangu, maana alikuwa hawezi kutembea umbali ule. Nikamuuliza kwa upole, mama mbona simu haikupatikana? Akasema ilikuwa ya shemeji yake na alishabadilisha laini. Nikamuuliza, na siku tuliyokuambia urudi? Akaangalia chini. "Nesi, nauli nilikuwa nayo ya mara moja."

Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Alimeza dawa miezi sita na sasa yuko shule. Lakini jibu lake lilikaa mezani kwetu wiki saba. Sikumwambia yule mama siku ile, niliona aibu. Nawaambia nyinyi leo.

Sasa hesabu pamoja nami. Euro 6,000 zimelipwa. Miezi tisa ya mafunzo imelipwa. Ndizi na karanga zimelipwa. Panya kafanya kazi yake, maabara imefanya yake. Kamba ikakatikia kwenye vocha na nauli.

Kuna mtu ataniambia, basi si bora hizo ada za panya zingegeuzwa nauli? Nimelifikiria sana hili, na jibu langu ni hapana. Anayelipa ada ya panya anailipa kwa sababu anampenda panya. Ukimwondoa panya, ada nayo inaondoka, haiji kwetu kama nauli. Na bila ile pua, yule mama angepanda gari kufuata majibu yaleyale ya "hana kitu". Panya alipiwe. Lakini mwisho wa kamba tunaushika sisi wenyewe hapa Morogoro, na nadhani tumezoea kuusubiri mkono wa mtu mwingine.

Nina mambo matatu ya kusema kuhusu mkono huo.

La kwanza ni letu sisi wahudumu. Hela ya kumpigia mgonjwa isiwe ya mfukoni kwa nesi. Halmashauri na miradi ikikaa kupanga bajeti, vocha na nauli ya mhudumu wa jamii anayekwenda kumtafuta mgonjwa viwe na mstari wake kwenye karatasi, kama dawa zilivyo na mstari wake. Na sisi tukiandika anuani tusiridhike na "Mgeta" au "Kinole". Tuandike kitongoji, jina la balozi, kanisa au msikiti wa karibu. Mara mbili haipatikani isiwe mwisho wa kutafuta.

La pili ni lako mama. Toa namba mbili, moja yako na moja ya mtu asiyebadilisha laini ovyo. Najua kwa nini wengine mnatoa namba isiyo sahihi. Mnaogopa simu itapokelewa na mkwe, na kesho mtaa mzima useme nyumba ile ina ugonjwa. Mwambie nesi hivyo hivyo: "Ukipiga usiseme ni nini, sema tu nirudi kliniki." Tunaweza. Tumezoea kutunza siri kubwa kuliko hiyo.

La tatu ni la vikoba, na hapa ndipo ninapotaka tubishane. Karibu kila mama ninayemjua, kuanzia Mji Mpya na Kihonda mpaka wauza njegere wa Nyandira, yuko kwenye kikoba. Mnanunua hisa, na mna mfuko wa jamii. Mfuko huo ukisikia msiba unafunguka siku hiyohiyo. Naomba kwenye kikao kijacho muulizane swali moja: kwa nini tunamchangia mtoto akishafariki, lakini nauli ya kumrudisha hospitali hatuichangii? Wekeni kanuni. Mwanachama akiitwa na kituo kufuata majibu ya mtoto, nauli ya kwenda na kurudi inatoka kwenye mfuko bila kujadiliwa na bila kuulizwa ugonjwa gani. Kikoba cha watu 25 hakitafilisika kwa nauli mbili tatu kwa mwaka.

Kama mtu wa mbali anaweza kulipa ada ya panya asiyemjua, sisi tutashindwa kulipa nauli ya jirani tunayemjua?

Kwa wale mliojiunga leo, narudia dalili. Mtoto anayekohoa wiki mbili au zaidi, homa zisizoeleweka, haongezeki uzito au anapungua, hachezi kama zamani. Mlete. Kama nyumbani kuna mtu mzima anayetibiwa TB, mlete hata kama hakohoi, maana aliye chini ya miaka mitano anaweza kupewa dawa ya kumkinga. Chanjo ya BCG aliyochomwa mkononi alipozaliwa inasaidia, lakini haimaanishi hawezi kuugua. Vipimo na dawa za TB kwenye vituo vya serikali ni bure. Na ukiambiwa "haijaonekana" huku mtoto bado anakohoa na nguo za mwaka jana bado zinamtosha, usikubali kuishia hapo. Rudi, sema, nimerudi kwa sababu hajapona.

Yule mama aliyeuliza habari ya bodaboda aliniaga juzi akicheka: "Basi nesi, huyo panya wa milioni 15 asipoteze muda kwa ajili yangu, andika namba yangu vizuri." Nikaiandika, nikampigia palepale mbele yake. Ikaita.

Wiki ijayo ni chakula cha mtoto aliye kwenye dozi. Safari hii siwadanganyi. Usiku mwema.