Kofi la City Hall na mizani yetu



Kila mara mheshimiwa akipatikana na aibu, naandikiwa: "Pastor, hayo ni maisha yake ya binafsi." Leo tulipime neno hilo.

Mnakumbuka Ijumaa ya Septemba 6, 2013? Pale City Hall, mbele ya kamera, Gavana Evans Kidero alimpiga kofi Mwakilishi wa Wanawake Rachel Shebesh, aliyekuwa amefika na wafanyakazi wa kaunti waliogoma. Gavana akasema hakumbuki. Kamera zilikumbuka. Na sisi Wakenya? Tulicheka. Vichekesho vilijaa kwenye simu. Kisha tukagawanyika kichama: hawa wakisema mama alijitakia, wale wakageuka watetezi wa wanawake kwa wiki moja. Mambo yakaishia hapo, bila hukumu ya mahakama.

Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 75, inamtaka ofisa wa serikali asishushe hadhi ya ofisi yake, hata katika maisha yake ya binafsi. Hiyo ni Katiba, si mahubiri. Naye Paulo, 1 Timotheo 3, anataka mwangalizi asiwe mtu wa kupiga watu. (Hilo linatuhusu sisi wachungaji kabla ya magavana.)

Simtetei mwandishi anayechungulia chumba cha mtu ili auze gazeti. Ndoa ikiyumba, hiyo ni huzuni ya familia, tuwaombee. Lakini mtu mwingine akiumizwa, au pesa ya umma ikitumika kuficha, au cheo kikimziba mtu mdomo, hapo si mambo ya nyumbani tena. Nathani hakwenda kwa Daudi kupeleka umbea. Alikwenda kwa sababu Uria alikuwa amekufa.

Na tena, Nathani alikuwa mtu wa Daudi! Ndiye aliyempelekea ahadi ya ufalme, 2 Samweli 7. Hakungoja nabii wa upinzani aseme.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Kangemi, dada yangu wa Kawangware, kiongozi uliyempigia kura akikosa, usianze na "mbona wale wengine?" Mwandikie yeye. Mwandikie kwa heshima, lakini mwandikie.

Jumapili tunasoma 2 Samweli 12 yote. Ibada ya kwanza ni saa mbili asubuhi. Njoo na Biblia.