Bunduki Yenye Cheti cha Kuzaliwa

Mimi nauza maneno. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokosekana, nikaingia kazi za online kama nusu ya darasa letu, na kwa miezi saba kazi yangu ilikuwa kuandika maelezo ya bunduki kuukuu kwa niaba ya muuzaji mmoja wa Marekani. Nalipwa kwa neno. Bunduki yenyewe sijawahi kushika, lakini niulize kuhusu Winchester ya 1873 nitakujibu kama fundi. Na kwa kuwa nimelipwa kuzisifu, leo nasema bure: biashara hii ikijiita kazi ya kuhifadhi historia, inatudanganya.

Naongelea bunduki za wenzo, zile za filamu za makauboi. Unasukuma mkono wa chuma ulio chini ya triga, ganda linaruka nje, unauvuta tena, risasi mpya inaingia. Mkusanyaji hasa hatafuti tu iliyo nzuri. Anatafuta ile iliyotoka kiwandani ikiwa tofauti na zingine. Kiwanda cha Winchester, kule New Haven, Connecticut, kilikubali oda za pekee. Bunduki ya kawaida ya 1873 ilikuwa na mtutu wa inchi 24. Ulitaka inchi 30? Lipa, utengenezewe. Mtutu ambao nusu una pande nane na nusu ni wa duara, magazini fupi, triga ya kutegwa ambayo ukiigusa tu inaachia, kitako cha mti wenye michirizi ya kupendeza? Weka oda, bora pesa iwe mkononi.

Mwaka 1875 kiwanda kikaenda mbele zaidi. Kikatangaza kwamba mitutu iliyolenga vizuri kupita mingine itaundiwa bunduki maalum, ziandikwe One of One Thousand, yaani moja katika elfu, na kuuzwa dola 100. Za muundo wa 1873 zilitoka zaidi kidogo ya 130, kati ya bunduki zaidi ya 700,000. Sasa unaelewa kwa nini mzee mzima anaweza kuuza shamba kwa ajili ya kipande cha chuma.

Lakini utajuaje kama zile inchi 30 hazikuwekwa juzi na fundi mjanja? Hapo ndipo daftari linaingia. Makarani wa kiwanda waliandika kila bunduki kwa nambari yake, na sehemu kubwa ya vitabu vyao ingalipo, katika makumbusho moja mjini Cody, Wyoming. Unatuma nambari, unalipa, unaletewa barua: mtutu gani, triga gani, siku iliyoingia stoo, siku iliyotoka. Barua ikikubaliana na bunduki, bei inapanda. Ikikataa, mwenye mali halali usiku huo.

Kwa hili nawapa heko. Wametunza karatasi za miaka zaidi ya mia, ilhali wengi wetu hatuwezi kupata cheti cha kuzaliwa cha nyanya yetu hata tukitoa chai. Sina ugomvi na daftari. Ugomvi wangu ni safu ambayo daftari halina: bunduki ilielekezewa nani?

Karani hana lawama. Alipoandika, bunduki ilikuwa bado haijavuka mlango. Lawama ni ya anayelifungua daftari leo, anafika mwisho wa mstari, halafu anatuambia historia imeishia hapo. Kazini nilipewa maagizo wazi: kama bunduki ilikuwa ya sherifu, sema. Ya jambazi maarufu, sema mapema zaidi. Siku moja niliongeza sentensi kuhusu watu waliosimama upande wa pili wa mtutu. Mhariri akaifuta, akaandika pembeni kwamba hiyo haiuzi.

Eti haiuzi? Tuangalie. Mwaka 2016, Winchester ya muundo wa 1886, nambari 1, iliuzwa mnadani huko Illinois kwa dola milioni 1.265. Ilikuwa zawadi kwa Kapteni Henry Lawton, mmoja wa maofisa waliomwandama Geronimo, kiongozi wa Waapache, hadi akajisalimisha Septemba 1886. Geronimo hakuimiliki hata siku moja. Bado ukisikia habari za bunduki hiyo utasikia jina lake, maana jina hilo ni pesa.

Na wenzake Geronimo je? Walikuwa watu thelathini na kitu, wanawake na watoto wakiwemo. Walipakiwa treni hadi Florida kama wafungwa wa vita. Kayitah na Martine, maskauti Waapache waliolitumikia jeshi hilohilo na kupanda mlimani kumshawishi Geronimo ashuke, nao walipelekwa kifungoni. Soma hapo pole pole. Lawton alipata bunduki. Kayitah na Martine walipata treni. Watu wao walikaa wafungwa hadi 1913.

Ukidhani hayo ni ya huko mbali, subiri. Machi 1905, Geronimo, bado mfungwa, alipitishwa juu ya farasi katika gwaride la kuapishwa kwa Theodore Roosevelt. Alimwomba rais awarudishe Arizona, kwao. Rais alikataa. Februari 1909 Geronimo akafa, mfungwa bado, huko Fort Sill, Oklahoma. Aprili mwaka huohuo, Roosevelt, urais umeisha, akashuka Mombasa na Winchester ya 1895, ile yenye sanduku la risasi mbele ya triga badala ya bomba chini ya mtutu. Yeye na mwanawe Kermit wakaua wanyama 512 katika safari hiyo. Mizigo ilibebwa na wapagazi zaidi ya 200. Wabeba bunduki kama Juma Yohari na Kassitura, angalau kitabu cha Roosevelt kinawataja kwa jina. Wapagazi walio wengi wamebaki hesabu tu.

Na sisi tusijifanye wasafi. Hapa Nairobi tunalipa vizuri kuketi kwenye mkahawa wenye pembe ukutani na picha za wawindaji wa enzi hizo, tunapiga selfi, tunasema mahali pana hadhi. Hatumuulizi yeyote nani alibeba yale masanduku. Tunapenda ukale uliooshwa, kama wao tu.

Najua jibu litakalokuja: chuma ni chuma, hakina dhambi. Poa. Basi uza chuma. Taja inchi, taja triga, funga mdomo. Lakini ukishalileta jina la Geronimo kupandisha bei, umemwita mtu mezani kwako. Mpe kiti, na waliokuja naye pia.

Kwa hivyo madai yangu ni madogo. Bunduki yoyote inayouzwa kwa jina la vita ielezwe na vita vyote viwili: vya aliyeshika kitako na vya aliyeuona mtutu. Mtu anayelipa ili ahakikishiwe kwamba triga ni ya kiwandani anaweza pia kulipa ili mtu atafute majina. Mengine hata hayahitaji kutafutwa. Kayitah. Martine. Ni maneno mawili, na kwa bei wanayotulipa kwa neno, hakuna mteja atakayefilisika.