Ituri ilishaongozwa na mama. Juu ya nini leo mnasema haiwezekani?

Kila mara sisi vijana wa Tchomia tunapouliza juu ya nini hakuna mwanamke kwenye kiti cha juu cha jimbo, tunajibiwa: huku ni inchi ya vita, usalama kwanza, mambo ya wamama itafuata. Anayejibu hivyo hajui historia ya kwao, ao anaijua na ananyamaza.

Mwezi wa ine 2003, Tume ya Kutuliza Ituri ilikutana Bunia. Ilizaa baraza la mpito, na rais wa lile baraza akawa Mama Pétronille Vaweka. Hakuwa na kundi la silaha nyuma yake. Na kusema ukweli, kile kiti hakikuwa na utamu wowote: mwezi wa tano jeshi la Uganda liliondoka, Bunia ikawaka, na tarehe 31 watu wakauawa hapa kwetu Tchomia. Wengi wetu tulikuwa wadogo sana, wengine hawajazaliwa, lakini tunajua nani alibaki bila baba.

2004 serikali ya mpito ikamuita awe komisere wa distrikti, ndiyo kusema kiongozi wa Ituri nzima. Alikwenda kuongea na wakubwa wa wanamgambo uso kwa uso, yeye bila bunduki. Mwanzo wa 2005 wakimbizi walijaa Tche, Kafe, Gina na hapa Tchomia. Hatusemi alimaliza vita; mpaka leo hakuna aliyeimaliza. Tunasema alikuwa pale wakati wengine walikuwa wanagawana machimbo ya zahabu. 2023 alipewa zawadi Washington, ya wanawake wanaojenga amani.

Toka Ituri iwe jimbo, 2015, magavana ni Abdallah Pene Mbaka, Jean Bamanisa, kisha Jenerali Luboya na état de siège yake. Wanaume tupu. Inchi ilimuona Sophie Kanza waziri tangu 1966, na Judith Suminwa waziri mkuu 2024. Kifungu cha 14 cha Katiba kinasema usawa. Ituri iliwatangulia wengi, halafu ikarudi nyuma: kiti kikiwa cha moto anaitwa mama, kikipoa wapapa wanakikalia.

Tunaomba vitu viwili. Kila mazungumzo na CODECO, Zaïre na wengine yawe na wamama wenye sauti, si wa kupokea wageni na kupika. Hawa wanaouza samaki toka ziwani mpaka Bunia wanapita kila barriere. Wanajua nani anashika silaha wapi kuliko ofisi nyingi.

Na vyama viache kuandika wanawake kwenye liste ili tu kukwepa kulipa caution. Mtakaporudi Tchomia kutafuta kura, mje na majina yao, na mtuambie mmewapa pesa ngapi za kampeni.