Kipimo cha PET na uvimbe wa ubongo: swali la kuuliza kabla ya kuuza ng'ombe

Familia nyingi za mashambani hulisikia jina PET pale pesa zinapokaribia kwisha. Mgonjwa mwenye uvimbe kwenye ubongo ameshapigwa picha za CT na MRI, ameshafanyiwa upasuaji na tiba ya mionzi, kisha daktari anasema: nendeni Nairobi mkapige PET. Ndugu wanakaa kikao. Huyu anataja ng'ombe, yule anataja kipande cha shamba. Wapo pia wanaotaka kuruka hatua zote na kupiga PET mara tu kichwa kinapouma, wakiamini kwamba kipimo cha bei kubwa ndicho kinachoona zaidi.

Kwa maoni yetu, wote hao wanahitaji kuelewa jambo moja: PET na MRI hujibu maswali tofauti, na swali la MRI ndilo hutangulia.

Umbo na kazi

CT na MRI huonyesha umbo: uvimbe uko upande gani, una ukubwa gani, unabana nini. PET huonyesha kazi inayofanyika ndani ya uvimbe. Mgonjwa hudungwa kwenye mshipa dawa yenye mionzi kidogo, anasubiri, kisha analala ndani ya mashine. Sehemu za mwili zilizokula dawa hiyo kwa wingi hung'aa kwenye picha. Seli nyingi za saratani hula kwa pupa, kwa hiyo hujitoa zenyewe.

Dawa inayotumika zaidi duniani ni FDG, aina ya sukari iliyounganishwa na florini-18 yenye mionzi. Kwa saratani ya mapafu au ya tezi za limfu, inafanya kazi nzuri. Kwenye ubongo kuna kikwazo. Ubongo una uzito wa kama asilimia 2 tu ya mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake, na chakula chake kikuu ni sukari. Basi ubongo mzima unang'aa, na uvimbe, hasa ule unaokua polepole, unaweza kujificha humo. Ni sawa na kutafuta kurunzi iliyowashwa saa sita mchana.

Kuna kikwazo kingine kinachotuhusu sana huku kwetu. Uvimbe wa kifua kikuu kwenye ubongo nao hula FDG. Mng'ao peke yake hauthibitishi saratani.

Kwa sababu ya udhaifu wa FDG kwenye ubongo, mwaka 2016 wataalamu wa kimataifa wa kundi la RANO, pamoja na chama cha Ulaya cha EANO, walipendekeza dawa za aina ya amino asidi, yaani vijenzi vya protini. Ubongo wenye afya huzichukua kidogo, uvimbe huzichukua kwa wingi, na tofauti huonekana wazi zaidi.

Uvimbe hai au kovu?

Hapa ndipo PET inapopata thamani yake. Baada ya tiba ya mionzi, hasa katika miezi 3 ya mwanzo, MRI inaweza kuonyesha alama inayofanana kabisa na uvimbe unaorudi, kumbe ni jeraha la mionzi. Daktari akikosea upande mmoja, mgonjwa anapasuliwa kichwa bila sababu au anaachishwa dawa iliyokuwa ikimsaidia. Akikosea upande wa pili, saratani inaendelea kukua huku familia ikiambiwa isubiri. PET, hasa ya amino asidi, humsaidia daktari kutofautisha mambo hayo mawili.

Kazi nyingine ni kumwonyesha daktari wa upasuaji sehemu ya uvimbe iliyo kali zaidi, ili akate kinyama pale panapofaa. Lakini jina la ugonjwa bado hutolewa na maabara, kinyama hicho kikichunguzwa kwa darubini.

Kwa nini lazima Nairobi?

Florini-18 hupungua nusu kila baada ya dakika 110 hivi. Ikitengenezwa Nairobi na kusafirishwa kwa lori hadi Mombasa, safari ya kama saa 8, itafika ikiwa imebaki takriban sehemu moja ya ishirini. Haiwezi kuwekwa stoo kama panadoli. Inatengenezwa kwa mashine kubwa iitwayo saiklotroni, na mgonjwa anatakiwa awe karibu nayo. Nchini Kenya, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan na Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyo Kahawa, zina saiklotroni zake. Zamani Wakenya walisafiri hadi India kwa kipimo hiki. Safari imefupika, lakini kwa mtu wa Turkana au Tana River bado ni nauli, malazi na siku za kazi zilizopotea.

Maswali ya kubeba

Swali la kwanza kwa daktari ni hili: majibu ya PET yatabadilisha nini katika matibabu? Akisema, "Yakionyesha uvimbe hai tutapasua, yakionyesha kovu tutaendelea na dawa," safari hiyo ina maana. Ikiwa matibabu yatabaki yale yale kwa jibu lolote, mna haki ya kuuliza kama pesa hizo zisitumike kwenye dawa.

Kisha pigia hospitali simu kabla ya kupanda basi. Uliza: mnatumia dawa gani kwa ubongo, ya sukari au ya amino asidi? SHA italipa kiasi gani, na kibali kinapatikana vipi? Mgonjwa aanze kufunga saa ngapi? Mwenye kisukari, mjamzito au anayenyonyesha aseme mapema.

Na kwa yule ambaye hajapimwa chochote: maumivu ya kichwa yanayozidi asubuhi pamoja na kutapika, kifafa kinachoanza ukubwani, au mkono na mguu wa upande mmoja kuishiwa nguvu, ni sababu ya kwenda hospitali leo. Huko ataanza na CT au MRI. PET itasubiri zamu yake.