Tatuaje: mchoro uliokupendeza utakusemea nini kwenye barieri?

Goma, Bukavu ao Butembo, vijana wanachagua tatuaje kwa kuangalia picha kwenye simu: simba, msalaba, jina la mpenzi. Kuandika mwili si jambo la kigeni kwetu. Zamani Watabwa na Waluba walichanja ngozi, na alama zilikuwa na maana.

Leo vita imeongeza maana ingine. Wapiganaji wa Mai-Mai huchanjwa dawa ya kujikinga na risasi. Kwa hiyo alama kifuani ao mkononi inaweza kukuletea maulizo kwenye barieri, na fundi aliyekuchora hatakuwa pale kukujibia.

Basi acha bunduki, na acha mchoro unaofanana na chanjo. Jina la mpenzi pia: mapenzi yakiisha, wino unabaki. Chora kwanza kwa biki, irudilie kila asubui kwa mwezi mzima, uone kama hauchoki nayo.

Kisha angalia sindano. Virusi vya hepatiti B vinaweza kuishi inje ya mwili siku 7. Fundi akikataa kufungua sindano mpya mbele yako, vaa shati, rudi kwenu.