Tusinunue namba ya kwenye kartoni

Mwisho wa mwezi, mshahara ukiingia, kuko wapapa na wamama wa kambi wenye kuletea watoto darubini ya kutazamia nyota. Ni jambo zuri, na tunawapongeza. Lakini mara mingi ile darubini inafanya kazi siku tatu, halafu inaenda chini ya kitanda. Mtoto anatia jicho, anaona giza na kitu chenye kutetemeka, anasema: "Papa, hamuna kitu." Papa anafikiri feza yake imepotea. Mtoto anafikiri yeye hana akili ya mambo haya, na hilo njo baya zaidi.

Mara mingi darubini yenyewe ni nzima. Kibaya ni kile kijioo kidogo cha kutilia jicho, wanaita okuleri. Sisi tunasema hivi: kabla ya kutupa darubini ao kununua ingine, badilisha okuleri. Na usikimbilie ile yenye kukuza zaidi.

Tuchukue darubini ya wanaoanza yenye kuuzwa sana: kioo cha mbele kina upana wa milimita 60, na urefu wake wa fokali ni milimita 700. Kwenye kartoni wameandika "525x", ni kusema inakuza mara 525. Namba hii inatoka wapi? Unagawa 700 kwa milimita za okuleri. Okuleri ya milimita 4 inatoa 175. Halafu ndani ya kartoni kuko kijioo kingine, wanaita barlow, chenye kuzidisha mara 3: njo 525. Hesabu iko sawa, lakini ni namba ya kuuzia. Kioo cha milimita 60 kinaingiza nuru kidogo tu. Kwa kawaida hakiwezi kubeba zaidi ya mara 120, ni kusema mara 2 ya upana wake. Ukipita pale, picha inakuwa kubwa, ya giza na ya ukungu, na kila mtetemo wa ile miguu myembamba unakuzwa pia.

Kwenye depo za madini hatukubali mtu atutajie namba tu. Tunataka kuona namna gani anapima. Basi kwa nini tunakubali namba ya kartoni bila kuuliza?

Okuleri ya kwanza ya kununua ni ya milimita 25, aina ya Plössl. Ina lenzi nne, wakati zile zenye herufi H ao SR zinazokuja ndani ya kartoni kwa kawaida zina mbili, na zinaonyesha nafasi kidogo ya mbingu. Kwa darubini yetu inakuza mara 28. Mtu atasema ni kidogo. Lakini Galileo aliona miezi minne ya Jupita mwaka 1610 na darubini yenye kukuza karibu mara 20. Kwa mara 28 mtoto ataona Mwezi mzima na mashimo yake, na nyota za Kilimia zote pamoja. Tena papa mwenye miwani hatalazimika kubana jicho, kama vile kwa ile ya milimita 4.

Ya pili iwe ya milimita 10. Inakuza mara 70, na hiyo inatosha kwa pete za Saturni na mistari ya Jupita. Zile mbili zikiwepo, ile ya milimita 4 na barlow yake zibaki ndani ya kartoni.

Mbele ya kulipa, pima tundu lenye okuleri inaingia. Nyingi ni milimita 31.7, lakini kuko za milimita 24.5, na moja haiingii mahali pa ingine.

Jambo moja halina mjadala. Kartoni zingine zina kijioo cheusi cha kufunga kwenye okuleri ili kutazama jua. Kitupe leo. Moto wa jua unakusanyika pale pale, kioo kinaweza kupasuka, na jicho la mtoto likiungua halirudi.

Wengine watatujibu: kwanza minervali, viatu na unga. Ni kweli, na hatumwambii mtu aache unga anunue vioo. Tunasema na yule ambaye darubini iko tayari chini ya kitanda chake. Na tunasema na komite za wazazi: okuleri mbili nzuri zinaweza kuzunguka nyumba kumi, ao kukaa shuleni. Kwa wenye magazini tunaomba kitu kimoja: mteja akiuliza, mwambieni upana wa kioo cha mbele na milimita za okuleri. Ile 525 muiache.

Kiangazi kikifika, mawingu yanaondoka usiku. Ile darubini itoke chini ya kitanda mbele ya siku zile.