Aibu si mwalimu: malezi ya wanafunzi wa afya na usalama wa mgonjwa

Mgonjwa anayelazwa katika hospitali kubwa ya kufundishia nchini Tanzania mara nyingi huhojiwa kwanza na kijana aliyevaa koti jeupe na kushika daftari. Huyo ni mwanafunzi wa udaktari, uuguzi au fani nyingine ya afya. Jamii humtazama kama mtaalamu wa kesho, na familia yake humwona kuwa tegemeo. Ni nadra kuulizwa anaishije na anajifunzaje leo.

Swali hilo linaligusa Kanisa moja kwa moja. Hospitali ya Bugando jijini Mwanza iko chini ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, na mwaka 2003 yalianza hapo mafunzo ya udaktari katika chuo kinachojulikana leo kama CUHAS. Huko Ifakara, Chuo Kikuu Kishiriki cha Mtakatifu Fransisko nacho huandaa madaktari. Anayemiliki wodi na darasa anawajibika kwa mgonjwa na kwa mwanafunzi pia.

Ukubwa wa tatizo duniani unafahamika. Mwezi Desemba 2016, jarida la tiba la JAMA la nchini Marekani lilichapisha uchambuzi wa tafiti kutoka nchi 43 kuhusu wanafunzi wa udaktari. Asilimia 27.2 walikuwa na sonona au dalili zake, na asilimia 11.1 walikuwa wamepata mawazo ya kujiua. Miongoni mwa waliobainika kuwa na dalili za sonona, ni asilimia 15.7 tu waliotafuta matibabu. Inasikitisha kwamba wanaofundishwa kutambua ugonjwa kwa wengine wanaogopa kuutaja wao wenyewe.

Mizigo inayotangulia wodi

Katika mazingira yetu, mzigo wa kwanza ni fedha. Shahada ya udaktari huchukua miaka 5, kisha hufuata mwaka 1 wa utarajali. Kwa familia ya mkulima huo ni muda mrefu wa kungoja, na ndugu wadogo nao wanahitaji ada. Wanafunzi wengi hutegemea mkopo wa serikali, na fedha ya kujikimu, maarufu kama bumu, ikichelewa, mlo hupungua kabla ya kitabu kufunguliwa. Mwenye njaa hawezi kufuatilia vema raundi ya asubuhi, hata awe na akili kiasi gani.

Mzigo wa pili ni lugha. Aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili hukutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia anapoingia kidato cha kwanza. Miaka kadhaa baadaye, mzee kutoka kijijini anamweleza maumivu yake kwa Kisukuma. Kijana anauliza maswali kwa Kiswahili, anaomba msaada wa ndugu wa mgonjwa, kisha anasimama mbele ya daktari bingwa na kuwasilisha yote kwa Kiingereza. Akisitasita, huenda ikadhaniwa kuwa hajui tiba, kumbe anatafuta neno.

Tunapaswa kuongeza hapo usingizi uliokatwa na zamu, pamoja na kukutana na kifo. Kijana wa miaka 22 anaweza kumwona mtoto akikata roho saa nne asubuhi, na saa sita akatakiwa kufanya mtihani. Asipopewa nafasi ya kulizungumza lililomgusa, hujifunza kulizika. Anayezoea kuzika hisia zake hufika mahali akashindwa kuhisi uchungu wa mgonjwa.

Swali linapogeuka fimbo

Mizigo hiyo ni halisi, na mingine chuo peke yake hakiwezi kuiondoa. Lakini lipo jambo moja lililo mikononi mwa walimu wenyewe, wala halihitaji bajeti: namna ya kumtendea mwanafunzi asiyejua. Kuuliza maswali kando ya kitanda ni njia halali na ya kale ya kufundisha tiba. Tatizo huanza pale ambapo swali linakusudiwa kumwumbua mtu mbele ya wenzake, wauguzi na mgonjwa mwenyewe. Tabia hii si ya chuo kimoja wala ya nchi moja, na mara nyingi hurithiwa: aliyefedheheshwa jana huwafedhehesha wengine leo, akiamini kwamba anawakomaza.

Hoja ya wakubwa hawa isipuuzwe. Tiba haina nafasi ya uzembe, na mwalimu mpole asiyesahihisha kosa anamsaliti mgonjwa. Hata hivyo, kudai viwango vya juu na kumdhalilisha mtu ni mambo mawili tofauti. Mwalimu wa kwanza husema, "Kipimo hiki ulichokitaja kingemdhuru mgonjwa, njoo tukikokotoe upya." Wa pili humwita kijana mjinga na kuendelea na kitanda kinachofuata. Wote wawili ni wakali, lakini ni mmoja tu aliyefundisha.

Matokeo yake humwangukia mgonjwa. Katika miaka ya 1990, mtafiti Amy Edmondson alichunguza makosa ya utoaji wa dawa katika wodi za hospitali nchini Marekani. Ilitarajiwa kwamba timu zenye uongozi bora zingekuwa na makosa machache. Takwimu zilionyesha kuwa zilikuwa na makosa mengi zaidi yaliyoripotiwa. Alipochunguza zaidi, aliona kwamba katika timu hizo watu walikuwa huru kusema. Kwingineko makosa yalifichwa. Hivyo aibu haipunguzi makosa, huyanyamazisha. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kutojua ni fedheha hatasema usiku wa manane, "Sina hakika na dozi hii." Atakisia.

Dunia ya tiba imeanza kulitambua jambo hili. Azimio la Geneva, ambalo ni kiapo cha madaktari tangu mwaka 1948, lilifanyiwa marekebisho mwezi Oktoba 2017, na kuingizwa ahadi ya daktari kuitunza afya na ustawi wake ili aweze kutoa huduma bora. Afya ya mhudumu ni sehemu ya wajibu wake kwa mgonjwa.

Yanayowezekana

Kwanza, vyuo vimpatie mwanafunzi mtu wa kumwendea ambaye hampi alama. Katika hospitali ya kufundishia, daktari wa afya ya akili anaweza kuwa ndiye mtahini wake. Hapo si ajabu kijana kuuficha ugonjwa. Usiri usipolindwa, huduma itakuwepo bila watu wa kuitumia.

Pili, padre mlezi wa wanafunzi ana nafasi ya pekee, kwa sababu husikiliza bila kuandika ripoti. Lakini sonona ni ugonjwa, si upungufu wa imani. Sala na matibabu havishindani, na mchungaji mwema hujua wakati wa kumsindikiza mwanakondoo kwa tabibu.

Tatu, wazazi na parokia zinazochangia ada zisiulize matokeo ya mitihani peke yake. Simu inayouliza "Umekula? Umelala?" huweza kumshikilia kijana katika juma gumu.

Nne, madaktari bingwa wapimwe pia kwa namna wanavyowalea wanaojifunza. Mtakatifu Giuseppe Moscati, daktari wa Napoli aliyefariki mwaka 1927 na kutangazwa mtakatifu mwaka 1987, aliunganisha tiba na ualimu, na wanafunzi walijifunza kwake wakimwona anavyowahudumia maskini. Kijana humtendea mgonjwa kama alivyoona mwalimu wake akimtendea mtu. Tukitaka wodi zenye heshima kwa utu wa mgonjwa, heshima hiyo ianze kwa yule aliyesimama kando ya kitanda na daftari mkononi, akiogopa kusema kwamba hajui.